Makali ya Nje

Sikuwahi kumwona akiruka.
Siku za mashindano nilikuwa chini ya jukwaa,
chumba namba tisa, mlango wa bati,
jiwe la kunolea likizunguka,
cheche zikinirukia aproni kama viroboto.
Basi msiniulize gauni lilikuwa rangi gani,
wala majaji walimpa ngapi.
Niulizeni habari za chuma.

Tuulia Hakkarainen aliletwa na baba yake,
dereva wa lori la maziwa,
Novemba, ziwa Kallavesi likianza kuvaa ngozi.
Miaka saba. Viatu vya dada yake,
gazeti la juzi limesokotwa vidoleni.
"Noa," baba akasema, "ila usikimalize chuma,
kuna mdogo wake nyumbani."
Nikanoa. Sikumtoza.

Watu hudhani chuma cha kutelezea ni kisu.
Kisu kina makali upande mmoja.
Hiki kina pande mbili, ndani na nje,
katikati mfereji mwembamba,
na maisha yote ya mtelezaji ni kuchagua
aegemee wapi.

Tuulia aliegemea nje.
Aliruka, akajisokota hewani mara mbili,
baadaye mara tatu,
akatua mguu wa kulia, kinyumenyume, makali ya nje.
Najua kwa sababu huko ndiko chuma kilikolika.
Kila Jumanne nilipitisha ukucha
nikasoma wiki yake nzima:
hapa alianguka, hapa alikasirika,
hapa kocha, Bi Rauha, alimrudisha mwanzo
mpaka taa zikazimwa.

Alikuwa bingwa wa mji akiwa na kumi na mbili,
wa nchi akiwa na kumi na sita.
Baba akaacha kuniletea viatu, akaleta posta.
Viatu vilitoka miji nisiyoijua,
vimefungwa kwa taulo za hoteli,
na kikaratasi: *Ensio, kama kawaida.*

Majira yale ya baridi alipotimiza kumi na tisa
nikafungua taulo, nikapitisha ukucha.
Makali ya nje yalikuwa mazima.
Ya ndani yameliwa.
Nikavua miwani, nikaifuta, nikapitisha tena.

Mguu hauhamii ndani kwa kupenda.
Nyonga ilikuwa ikimwambia jambo,
naye alikuwa akiliambia chuma
na chuma kikaniambia mimi.
Mficha maradhi, kifo humuumbua;
je, anayemfichia mwenzake?

Zilibaki siku kumi na moja ubingwa wa Ulaya ufike.
Nilishika simu. Nikaiweka.
Nikanoa, kama kawaida.

Akashinda.
Mji mzima ulipiga honi, hata lori la maziwa.
Mimi nilizima redio kabla ya wimbo wa taifa.

Aprili nyonga ikakatika kazini,
uwanja mtupu, mruko wa kitoto
ambao angeuruka usingizini.
Husemwa maji yakimwagika hayazoleki.
Huku kwetu huganda, yanazoleka,
ila kwa koleo, na vipandevipande.

Juzi aliingia chumba namba tisa.
Miaka arobaini na minne, anachechemea,
filimbi ya mwalimu shingoni,
mkononi jozi ndogo ya mwanafunzi asiye na pesa.
Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Ulijua," akasema.
"Nilijua."
Jiwe likazunguka peke yake kidogo.
"Nami nilijua kwamba unajua.
Ndiyo maana viatu nilikuletea wewe,
sikumpelekea daktari."

Sijui kama huo ni msamaha.
Sikumuuliza; nilihofia angejibu.
Nikachukua viatu vile vidogo,
nikapitisha ukucha.
Makali ya nje.
"Huyu nani?" nikauliza.
"Anaitwa Hilppa. Anaruka kabla hajafikiri."

Safari hii sikuwasha mashine upesi.
"Mlete mwenyewe," nikasema.
"Nataka nimwone akitembea."